Hatukuwa Watu wa Ghala

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la baba yangu, kwa sababu asubuhi ya Sumbawanga mwezi wa sita haimwonei huruma binti aliyeshuka kwenye lori kutoka Mwazye na gauni lake la Jumapili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chama cha ushirika kilichoniita leo hakipo, na jina lake sina haja ya kulitaja. Kilinunua mahindi na ulezi wa Ufipa nzima, na kilikuwa na bendi. Msishangae. Enzi zile shirika lenye heshima zake lilikuwa na timu ya mpira na bendi ya dansi, na sisi wapiga vyombo tulisaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu asubuhi kama makarani.

Nilianzia kwa Karani wa Utumishi. Akanisogezea fomu ambayo alikwisha kuijaza kwa mkono mzuri wa shule za misheni. Jina langu lilikuwa sawa, Theodora. Kijiji sawa, dhehebu sawa. Mahali pa kazi ameandika: Msaidizi wa Ghala.

"Kaka, hapa umekosea," nikamwambia. "Mimi nimeitwa kupiga muziki."

"Sijakosea, dada. Kwenye muundo wa ushirika hakuna cheo cha mwanamuziki. Kuna karani, kuna dereva, kuna mlinzi, kuna msaidizi wa ghala. Bendi yote mko ghala. Saini, watu wanasubiri."

Nikasaini. Nina miaka sabini na kitu sasa, nimefanya makosa mengi na mengine nimeyaungama, lakini saini ile ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mwanangu Skola, na ninyi wajukuu mtakaosoma haya, kumbukeni kwamba yote ninayoyaeleza hapa yanatoka kwenye mstari ule mmoja wa fomu.

Mkuu wa Bendi alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema kanisani, kwenye kinanda cha kukanyaga. Hicho ni kinanda kisicho na umeme. Miguu inasukuma hewa, mikono inapiga, na ukichoka miguu wimbo unakata roho katikati ya Sanctus, ule wa Mtakatifu. Mtawa mmoja wa misheni alinifundisha tangu nina miaka kumi, na baba yangu, aliyekuwa katekista, alijivuna sana kwa hilo. Mkuu wa Bendi akanionyesha kinanda kibovu kilichokuwa pembeni, nikapiga wimbo wa kanisa. Nilipofika katikati akanishika kiwiko cha kulia.

"Toa mkono huu. Endelea na wa kushoto peke yake."

Nikaendelea. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaenda ukutani akatwaa gitaa kubwa la nyuzi nne nene, akaniwekea mapajani.

"Mkono wa kushoto ndio ninaoutaka. Wa kulia mrudishie padre."

Ndivyo nilivyokuwa mpiga besi. Besi ni ile sauti ya chini ambayo mchezaji anaisikia kwenye nyonga kabla ya sikioni. Watu hawaisikilizi, lakini ikikosekana wanarudi kukaa. Vidole viliniota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Nyumbani baba alininunia kuanzia Kwaresima mpaka Pasaka ikapita. Binti wa katekista kwenye dansi, tena ameshika gitaa la kiume, ilikuwa habari ya kutembea vijiji vitatu. Paroko naye aliniita ofisini akataka nichague. Nikamwambia, "Padre, Jumapili misa ya kwanza nitapiga kinanda kama kawaida. Bugi linaanza saa tisa mchana. Hayagongani." Bugi lilikuwa dansi la mchana, la watu wenye watoto na ng'ombe wa kukamua. Nilipiga kinanda pale miaka kumi na moja zaidi.

Ukimtoa Mkuu wa Bendi tulikuwa tisa, lakini nitawaeleza watatu tu, kwa sababu hao ndio niliozeeka nao.

Anselmi wa Msanzi alipiga ngoma. Darasa lake lilikuwa uwanja wa kupura ulezi. Kwetu ulezi unapurwa kwa fimbo, watu wamesimama pande mbili, na fimbo zisiposhuka kwa zamu mtapasuana vichwa. Lazima awepo wa kushika mwendo. Anselmi alishika mwendo wa wapuraji tangu akiwa kijana, mchana kutwa, siku kumi mfululizo, na hakuwahi kukimbia wala kuchelewa hata kidogo. Alipokuja kwenye ngoma za bendi, Mkuu wa Bendi alimfundisha majina tu ya vitu. Mwendo alikuja nao.

Bonifasi alipiga gitaa la solo, lile linalosema juu ya wengine wote. Alikulia Kasesya, mpakani, ambako malori yanapanga foleni na watu wanabadilishana kila kitu pamoja na nyimbo. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta, ubao, na waya za breki za baiskeli. Redio za ng'ambo alizisikiliza kwa wauza duka, akirudia nyumbani nyimbo ambazo hakujua hata zimeimbwa kwa lugha gani. Alikuwa mtani, na alikuwa na kicheko cha kuudhi wakubwa.

Wa tatu ni Ambwene, mtu wa Mbeya, saksafoni. Baba yake alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa kwetu. Kanisa lao la Kiprotestanti lilikuwa na tarumbeta, zile bendi za shaba zinazopiga tenzi makaburini na kwenye sikukuu. Ambwene alipuliza kwenye misiba tangu utoto, ndiyo maana saksafoni yake hata kwenye harusi ilikuwa na machozi kidogo. Alikuwa mpole, msafi, na mbishi kuliko sisi wote.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu baridi, maana hili hamtalipata kwingine. Saksafoni ikipoa, sauti yake inashuka. Uzi wa gitaa ukipoa, unakaza, sauti inapanda. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu inalegea. Yaani hali ya hewa ya Sumbawanga inachukua bendi moja na kuigawa mara tatu. Mkuu wa Bendi alikuwa mtu wa joto, hakulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza walikuja wageni wa ushirika kutoka Mbeya, bugi likapangwa uwanjani mbele ya ghala, mwezi wa saba, upepo ule unaotoka bondeni. Tukatyuni vyombo ofisini, mlango umefungwa, jiko la mkaa limewashwa. Kila chombo kikakubaliana na mwenzake vizuri kabisa. Tukatoka nje, wageni wakapiga makofi, tukaanza.

Wimbo wa kwanza ulikuwa bado una unafuu. Wa pili, saksafoni iko chini, magitaa yako juu, mimi niko kati sijui nimfuate nani. Bibi mmoja aliyekuja kuuza mahindi yake akasimama mbele yetu, akauliza kwa sauti, "Hawa wanagombana nini?" Uwanja mzima ukacheka, na wageni wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gitaa langu.

Kesho yake Mkuu wa Bendi alitupanga mstari. Anselmi ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mzee, kwetu ngoma haiandaliwi nyumbani. Inaandaliwa pale itakapopigwa. Na magitaa yatoke nje mapema, yapoe kabisa, ndipo tuyatyuni. Ngoma iote moto. Saksafoni isitoke mpaka inapigwa."

"Vyombo vya ushirika nivianike kwenye baridi kama mihogo?"

"Ndiyo, mzee."

Mkuu wa Bendi alimfukuza. Jumapili iliyofuata akamwita tena, na kuanzia siku ile hiyo ikawa kanuni yetu. Saa moja kabla ya kupiga, magitaa yanaota baridi nje, ngoma inaota moto, na Ambwene anatembea na kile kidomo cha saksafoni ndani ya koti, kimegusa kifua. Bendi za miji ya joto zikija kutembea zilitucheka. Zikipanda jukwaani tulikuwa tunacheka sisi.

Jambo jingine ni umeme, ambao ulikuwa unakatika bila taarifa. Besi isiyo na umeme ni ubao. Mkuu wa Bendi hakutaka mazoezi yasimame, kwa hiyo ukikatika aliniamuru nitoe besi kwa mdomo, *dum, du-dum*, mpaka urudi. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye ikawa kitu cha kawaida, na Bonifasi alikuwa akisema besi ya mdomo ndiyo nzuri zaidi kwa sababu haina malengelenge.

Tulipiga hivyo miaka mingi. Kisha hali ya ushirika ikayumba, Mkuu wa Bendi akarudi Tanga, watano wakapunguzwa, na akaja Meneja Utawala mpya, kijana mwenye mkoba na kalamu tatu mfukoni. Akatuita sisi wanne tuliobaki.

"Watu wanne si bendi," alisema bila hata kutukaribisha viti. "Vyombo vyote virudi ghalani. Na ninyi kuanzia Jumatatu mtafanya kazi mliyoajiriwa kufanya."

"Kazi ipi hiyo, mheshimiwa?" Ambwene akauliza kwa upole wake.

"Ya ghala. Si ndivyo mlivyosaini?"

Bonifasi akacheka kile kicheko chake. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yamepata moto, na niliyemkasirikia zaidi ni yule binti mwenye koti la baba yake aliyesaini.

Tukavipeleka vyombo ghalani. Lakini nani anavipokea? Wasaidizi wa ghala. Nani wasaidizi wa ghala? Sisi. Tukajikabidhi wenyewe, tukaandika kwenye daftari la vifaa: gitaa moja, besi moja, saksafoni moja, ngoma seti moja. Na daftari lile lilikuwa na sheria yake, imegundishwa kwenye jalada: kila kifaa kilichohifadhiwa kikaguliwe kila wiki kuona kama kinafanya kazi. Mizani tulizipima. Mabomba ya kupulizia dawa tuliyapampu. Saksafoni inakaguliwaje? Inapulizwa.

Basi kila Jumamosi saa sita, kazi ikifungwa, tulikagua. Tulikagua kwa saa mbili, wakati mwingine tatu. Wakulima waliokuwa wanasubiri mizani ya Jumatatu walikaa juu ya magunia wakatusikiliza. Jumamosi ya tatu Meneja Utawala akaja, akasimama mlangoni.

"Hii nini?"

"Ukaguzi, mheshimiwa," Bonifasi akajibu bila kusimamisha vidole. "Solo inafanya kazi. Sasa tunakwenda kwenye besi."

Akachukua daftari, akasoma ile sheria, akasoma saini zetu nne kila wiki, akalirudisha mezani. Mimi nilipiga besi ile kwa raha ambayo sijaipata tena.

Ghala ndiko tulikojifunza kuwa wanne. Magunia ya ulezi yanameza mwangwi, kila kosa linabaki wazi. Mkiwa tisa unaweza kujificha nyuma ya mwenzako. Mkiwa wanne huna pa kujificha. Kila bendi ya enzi zile ilijiita Jazi, hata ikiwa inapiga rumba mwanzo mwisho, lakini sisi tulianza kupiga kitu ambacho Ambwene alikisikia kwenye sahani za santuri zilizovuka mpaka kutoka kwenye migodi ya shaba. Wimbo unaanza wote pamoja. Kisha kila mmoja anapewa zamu ya kusema lake, halijaandikwa popote, halijafanyiwa mazoezi. Saksafoni inasema, inamwachia solo, solo inaniachia mimi, mimi namwachia Anselmi. Zamu ya mwenzako huigusi. Anselmi alilielewa mara moja. "Hii si ndiyo kupura ulezi," alisema, "fimbo yako inashuka, yangu inasubiri."

Walijaribu kututawanya. Ambwene akahamishiwa kituo cha kununulia mazao Kasesya, Anselmi akapelekwa Msanzi kwao, mimi nikarudishwa Mwazye, Bonifasi akabaki mjini. Walidhani wametuweza. Lori la ushirika lilikuwa linazunguka vituo vyote kila Ijumaa, na dereva alikuwa mpenzi wa bugi. Siku ya Jumamosi saa sita sote tulikuwa ghalani tunakagua.

Mwaka uliofuata ulifika mkutano mkuu wa wanachama, na wakulima wakauliza kwa nini hakuna muziki. Meneja Utawala akatuita, safari hii viti vilikuwapo.

"Mtapiga kwenye mkutano," alisema.

"Sisi ni watu wa ghala, mheshimiwa," Bonifasi akajibu. "Labda uiombe bendi."

Yule kijana akarudisha kalamu yake mfukoni.

"Basi naiomba bendi."

Tukapiga. Nikatumia nafasi hiyo kumwomba abadilishe cheo kwenye majalada yetu. Akaniambia vyeo vinapangwa makao makuu. Nikaandika barua makao makuu, sikujibiwa. Nikaandika ya pili na ya tatu. Ushirika ukafa kabla sijaandika ya nne, na sote tukapewa barua za kuagwa zinazofanana: tunakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka ukiwa Msaidizi wa Ghala. Tulicheka siku ile. Tulikuwa bado na nguvu, vyombo chakavu walituachia, na tulijiona tumeshinda.

Na kweli tulipiga miaka zaidi ya ishirini mingine. Harusi, kipaimara, upadrisho wa vijana ambao mama zao walicheza bugi letu, Jumapili mchana kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni karibu na stendi. Mpaka zilipokuja mashine. Kwenye harusi moja kijana wa muziki aliniambia, "Shikamoo bibi. Siku hizi mtu mmoja anatosha, poa kabisa, humu ndani mna besi na drams zote." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza mashine yake humwachia nani zamu. Akadhani ninatania. Vidole vyangu vilipoanza kukakamaa nikaining'iniza besi ukutani kwangu, na kwa heshima zote sikumwomba mtu ruhusa ya kustaafu.

Bonifasi alitangulia. Tulimzika Kasesya, malori yakipita barabarani. Mnajua utaratibu wetu. Kabla ya kushusha jeneza husomwa historia ya marehemu: amezaliwa wapi, amesoma wapi, amefanya kazi gani, ameacha nani. Mpwa wake alisoma kutoka kwenye ile barua ya kuagwa. Marehemu alikuwa Msaidizi wa Ghala, mchapakazi na mwaminifu. Mstari mmoja. Gitaa la galoni halikutajwa, solo haikutajwa. Nilimtazama Ambwene, Ambwene akanitazama, Anselmi alikuwa ameangalia viatu vyake. Hakuna aliyesimama. Ni msiba, tukajiambia, mtu havurugi msiba wa watu. Tukamrushia udongo, akafukiwa na cheo kile.

Tulirudi kwa basi. Tulipokaribia mjini Anselmi akanishika mkono. "Mama Skola," akasema, "mimi usiniache hivyo."

Nikamwahidi. Miaka minne baadaye, mwezi wa saba, nikapigiwa simu kutoka Msanzi.

Mtoto wake wa kwanza, Festo, ni mwalimu mkuu, mtu wa heshima na mwenyekiti wa kigango cha kanisa. Asubuhi ya mazishi nilimkuta ameshika karatasi ya historia. Nikamwomba niione.

"Shikamoo mama. Ipo sawa, usijali."

"Marahaba. Umeandika baba yako alikuwa nani?"

Akaangalia pembeni. "Mama Skola, tuelewane. Kuna mapadre watatu hapa, kuna maafisa elimu. Tangu shuleni tulitaniwa watoto wa mpiga ngoma, watoto wa dansi. Leo naomba baba apumzike na heshima yake. Kazi ya ghala ni kazi ya heshima."

Sikubishana naye pale, kwa sababu alikuwa amefiwa na macho yake yalikuwa mekundu. Ila nilijua kwamba nikinyamaza na safari hii, sitaweza kuishi na nafsi yangu.

Tukasimama kaburini, upepo unavuma, watu wamejifunga mablanketi. Festo akaanza kusoma. Kuzaliwa, ubatizo, shule. Akafika: "Marehemu aliajiriwa na chama cha ushirika akiwa Msaidizi wa Ghala..."

"Hapana," nikasema.

Watu wakageuka. Nilikuwa nimekwisha kusimama, fimbo yangu mkononi.

"Mama Skola, tafadhali," Festo akasema kwa sauti ya chini, "niache nimalize."

"Maliza, mwanangu. Lakini uanze upya. Baba yako hakuwa mtu wa ghala. Mimi nilikuwa naye, nilisaini karatasi ileile. Alikuwa mpiga ngoma. Ndiyo kazi iliyokulisha, ndiyo iliyokupeleka chuo cha ualimu. Kama unaionea aibu, ionee baada ya kuitaja."

Mzee mmoja akakohoa. Kisha nikamsikia Ambwene nyuma yangu. Ana miaka karibu themanini, anatembea kwa kushikwa, lakini alikuja na saksafoni yake kwenye mfuko wa sandarusi, na sasa aliingiza mkono ndani ya koti akatoa kidomo. Alikuwa amekiweka kifuani tangu misa ilipoanza. Akakifunga, akapuliza, na sauti haikuwa imeshuka hata kidogo.

Besi sikuwa nayo. Nikaitoa kwa mdomo. *Dum, du-dum.* Bibi kizee mbele ya mapadre watatu, sikujali.

Tulipiga ule wimbo wa ghalani, uliokuwa wetu na haukuwahi kupewa jina. Ambwene akachukua zamu yake, fupi, kwa pumzi aliyonayo. Ikafika zamu ya Bonifasi, tukanyamaza, nikaihesabu kwa fimbo yangu ardhini mpaka ikaisha. Nikachukua yangu. Kisha nikamwachia Anselmi.

Tukanyamaza tena, na zamu ya ngoma ni ndefu. Watu hawakuelewa mwanzoni. Halafu wazee wa Msanzi, wale waliopura naye ulezi, wakaelewa. Mmoja aliinua fimbo yake kutaka kuishusha kwa mwendo, na mwenzake akamshika mkono, akamwambia kwa Kifipa, "Acha, ni zamu yake." Hakuna aliyekohoa. Upepo tu ulisikika mpaka nilipohesabu pigo la mwisho, na Ambwene akaingia, tukafunga.

Festo alikuwa analia waziwazi. Aliikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni, akaanza kusema bila kusoma. "Baba yangu, Anselmi, alikuwa mpiga ngoma." Akaendelea kwa muda mrefu. Alijua mengi kuliko nilivyodhani.

Sasa tumebaki wawili, mimi na Ambwene. Yeye historia yake amekwisha kuiandika na kumkabidhi mwanawe wa Mbeya. Yangu ni hii. Nimeiandika kwa mkono wangu wa kushoto, kwa sababu ndio ulioajiriwa. Ile barua ya kuagwa nimeichoma jikoni, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye sanduku. Skola, utasimama wewe kaburini uisome yote, pamoja na mahali paroko aliponiita, pamoja na mahali niliposaini. Usiruke kwa kuona watu wamesimama baridini. Wavumilie, sisi tulivumilia. Nimeacha mstari mmoja wazi, wa tarehe, na huo tu ndio wenu kujaza. Mahali pa kazi nimekwisha kupajaza: Mpiga besi.